Pikipiki na Baridi: Mwongozo Kamili wa Kuiwasha, Kuipasha Moto na Kuitunza Injini

Asubuhi ya baridi kali, pikipiki ile ile iliyowaka jana mchana kwa kubonyeza stata mara moja inaweza kukutoa jasho. Stata inazunguka kwa uzito kama inakoroga tope, injini inakohoa, inashika, inazima. Ukifanikiwa kuiwasha, inamisi kila ukivuta resi, na gia ya kwanza inaingia kwa kishindo. Nusu saa baadaye kila kitu kimetulia, na sasa inavuta vizuri kuliko ilivyokuwa ikivuta wakati wa joto.

Nimeendesha na kufungua injini kwenye baridi kwa muda wa kutosha kuamini kwamba baridi peke yake ni nadra kuua injini nzima. Inachofanya ni kufichua ugonjwa uliokuwa umejificha wakati wa joto, na kuiumiza pole pole ile injini ambayo kila siku inazimwa kabla haijapata moto. Ukishayashughulikia hayo mawili, mengine ni mazoea ya dakika chache kila asubuhi.

Kinachotokea ndani ya injini

Anza na hewa. Kwenye nyuzi 30 za Selsiasi, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa takriban kilo 1.16. Kwenye nyuzi 0 uzito huo unafika kilo 1.29. Hewa inayoingia kwenye filta inakuwa na oksijeni zaidi kwa karibu asilimia 11, na hiyo ni neema kwa injini iliyokwisha kupata moto. Nguvu haiongezeki kwa asilimia hizo zote, kwa sababu hewa inapashwa joto na vyuma inamopita kabla ya kufika ndani ya silinda. Wala usitegemee spidi ya mwisho iongezeke, maana hewa hiyo hiyo nzito ndiyo unayoipasua barabarani, nayo inakukinza zaidi kwa kiasi kile kile. Faida utaisikia wakati wa kuondoka na wakati wa kupanda mlima.

Hewa nzito inadai petroli zaidi. Injini yenye injekta, kifaa kinachopuliza petroli kwa amri ya kompyuta, ina sensa ya joto la hewa na sensa ya joto la injini, na kompyuta yake inaongeza petroli bila wewe kugusa chochote. Kabureta, inayochanganya petroli na hewa bila kompyuta, haina akili hiyo. Jeti zake, vijiti vidogo vinavyopitisha petroli, zina tundu la ukubwa ule ule kiangazi na kipupwe, kwa hiyo mchanganyiko unapungukiwa petroli kwa asilimia kadhaa. Kabureta iliyokuwa imekaa sawa kwenye joto itaanza kusitasita ukivuta resi ghafla, na ekzosi itapiga vishindo vidogo ukiachia.

Petroli nayo ina taabu yake. Petroli ya majimaji haiwaki; kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Kwenye injini ya moto karibu yote inageuka mvuke. Kwenye chuma cha baridi ni sehemu yake nyepesi tu inayopaa, na iliyobaki inatua kama matone kwenye kuta za mrija na za silinda. Ili mvuke utoshe kuwaka, lazima imwagwe petroli nyingi kupita kiasi cha kawaida, na hiyo ndiyo kazi ya choki. Gharama yake ni kwamba yale matone yanaosha oili kwenye kuta za silinda, yanalowesha plagi, na mengine yanapenya kwenye ringi za pistoni hadi kwenye oili iliyo chini.

Oili nayo inakuwa nzito, yaani inatiririka kwa shida. Oili ya kawaida ya 10W-40 ikiwa nyuzi 40 ni nzito zaidi ya mara sita kuliko ikiwa nyuzi 100, na kadiri unavyoikaribia sifuri uzito unapanda kwa kasi kubwa zaidi. Stata inalazimika kuikoroga oili hiyo yote, pampu inachelewa kuifikisha juu kwenye kemshafti inayofungua valvu, na sahani za klachi zinazokaa ndani ya oili zinagandamana.

La mwisho ni betri. Umeme wa betri ya asidi unatokana na kemia, na kemia inapoa pamoja na hewa. Kwenye nyuzi 0 betri nzima inaweza kupoteza robo ya uwezo wake au zaidi. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri inaweza kubakiwa na nusu. Kwa hiyo saa ile ile ambayo injini imekuwa nzito kuzungusha, mzungushaji naye amedhoofika.

Hatua ya 1: Pima betri kabla ya baridi kufika

Chukua mita ya umeme, weka kwenye volti za DC, pima betri ikiwa imepumzika saa kadhaa bila kuchajiwa. Volti 12.6 hadi 12.8 ni betri iliyojaa. Volti 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni betri karibu tupu hata kama bado inawasha taa.

Kipimo hicho peke yake hakitoshi. Kuna betri inayosoma 12.6 ikiwa imelala, kisha inaanguka mara tu inapobebeshwa mzigo. Acha ncha za mita kwenye betri, bonyeza stata, na usiondoe jicho kwenye namba. Betri nzima itashuka hadi 10 na ushei na kusimama hapo huku stata ikizunguka kwa mdundo mmoja. Betri iliyochoka utaiona inapita 10, inapita 9.6, bado inateremka, na mlio wa stata unazidi kuwa mzito kila sekunde. Ukiona hivyo kwenye hali ya hewa ya vuguvugu, usiipeleke kwenye baridi. Badilisha.

Kisha washa injini, vuta resi hadi karibu mizunguko 5,000 kwa dakika, soma tena. Unataka kati ya 13.8 na 14.5. Chini ya hapo, tatizo liko kwenye mfumo wa kuchaji, na betri mpya nayo itakufa kwa njia hiyo hiyo.

Fungua nati za vichwa vya betri, sugua mpaka risasi ing'ae, kaza. Usisahau waya wa hasi unapofungwa kwenye fremu au kwenye injini. Kutu ya pale inakula volti kimya kimya, na wengi hawafiki huko.

Usiache betri ya asidi ikiwa tupu kwenye baridi. Iliyojaa inahimili hadi chini ya nyuzi 50 chini ya sifuri bila kuganda. Iliyoisha chaji inaweza kuganda kwenye nyuzi 10 tu chini ya sifuri, na ikishapasuka hakuna kuitengeneza. Betri ya lithiamu ina tabia tofauti: asubuhi inaonekana imekufa, lakini ukiwasha taa kubwa kwa dakika moja au mbili inajipasha joto kwa ndani na kuamka. Usiiweke kwenye chaja ikiwa chini ya nyuzi 0, maana hapo unaiharibu moja kwa moja.

Hatua ya 2: Oili inayofaa

Herufi W kwenye kopo inahusu majira ya baridi, na namba iliyo mbele yake inasema oili imepimwa kwenye baridi ya kiasi gani injini ikizungushwa. 20W inapimwa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, 15W kwenye 20, 10W kwenye 25, 5W kwenye 30 na 0W kwenye 35. Namba ya pili, kama 40 au 50, inahusu uzito wake ikiwa na joto la nyuzi 100.

Watu wengi wanaamini kwamba oili nzito ndiyo inayolinda. Ikiwa unaishi penye asubuhi za karibu na sifuri na umejaza 20W-50, dakika ya kwanza ya kila safari sehemu za juu za injini zinasubiri oili ambayo bado inajikokota chini. Fungua kitabu cha pikipiki yako. Mara nyingi kuna jedwali linaloonyesha oili gani kwa joto gani. Ukiruhusiwa 10W-40 au 5W-40, hamia huko wakati wa baridi. Oili ya sintetiki inatiririka vizuri zaidi kwenye baridi kuliko ya madini yenye namba ile ile.

Kama klachi yako inakaa ndani ya oili ya injini, kama ilivyo kwenye pikipiki nyingi, hakikisha kopo lina alama ya JASO MA au MA2, kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki. Oili za magari zilizowekewa viungo vya kupunguza msuguano zinaweza kuifanya klachi iteleze.

Hatua ya 3: Plagi, valvu na kabureta

Plagi ni rahisi: ivue, isafishe au weka mpya, pima nafasi ya ncha kama kitabu kinavyosema. Mara nyingi ni kati ya milimita 0.6 na 0.9. Stata inaponyonya umeme mwingi, plagi inabaki na moto hafifu, na nafasi iliyopanuka inaumaliza kabisa.

Valvu zinasahaulika zaidi. Kadiri injini inavyotumika, valvu inazama kidogo kidogo kwenye kiti chake na nafasi kati yake na kinachoisukuma inapungua. Kwenye injini nyingi ndogo nafasi hiyo ni sehemu ya kumi ya milimita au chini ya hapo, kwa hiyo haihitaji kupungua sana ili valvu ibaki wazi kidogo wakati inatakiwa kufunga. Kompresheni, yaani mgandamizo wa ndani ya silinda, inavuja. Injini ikiwa ya moto inavumilia, lakini ikiwa baridi haiwaki. Mtu atabadilisha plagi, betri na hata koili kabla hajafikiria valvu. Pima injini ikiwa imepoa kabisa, usiku mzima ikiwezekana, pistoni ikiwa juu kwenye kompresheni.

Kabureta nataka nikae nayo kidogo, kwa sababu imenifunza jambo. Niliwahi kuwa na pikipiki ya silinda moja ambayo ilianza kudai choki kwa dakika tatu, baada ya wiki kadhaa tano, mwishowe kumi. Kwa kuwa msimu wa baridi ulikuwa unazidi, niliona ni kawaida, nikawa naondoka na choki ikiwa nusu. Siku niliyoifungua, ndani ya bakuli la floti, linaloshika petroli ya kabureta, mlikuwa safi kwa macho. Nikavua jeti ndogo, ile inayolisha injini ikiwa haijavutwa resi, nikainyanyua kuelekea dirishani. Kwenye jeti nzima unaona nukta ya mwanga, nyembamba kama ncha ya sindano ya kushonea. Kwenye yangu palikuwa na giza tupu, na pembeni utando wa rangi ya kahawia, petroli ya zamani iliyokauka. Nikailoweka kwenye dawa ya kusafishia kabureta, nikapuliza kwa hewa ya kompresa, nikarudia mpaka nukta ikaonekana duara kamili. Kesho yake, baridi ikiwa ile ile, choki ilihitajika kwa chini ya dakika moja.

Tangu hapo, pikipiki yoyote inayodai choki kwa muda unaozidi kurefuka naanza na jeti hiyo. Usiichokonoe kwa waya wa chuma. Tundu likipanuka hata kidogo, mchanganyiko umeharibika.

Jeti zikiwa safi na bado injini inasitasita kwenye baridi, gusa skurubu ya mchanganyiko. Iliyo upande wa injini inapima petroli, na kuilegeza kunaongeza petroli. Iliyo upande wa filta inapima hewa, na kuikaza ndiko kunakoongeza petroli. Sogeza robo mzunguko, jaribu, andika ulipoanzia ili uirudishe joto likirudi. Fanya kazi hiyo injini ikiwa ya moto. Vivyo hivyo kwa skurubu ya mlio wa chini, yaani mlio wa injini isiyovutwa resi: anayeipandisha asubuhi injini ikiwa baridi atakuta mchana injini inapiga kelele kila akisimama.

Kwenye injini ya injekta, tatizo sugu la baridi mara nyingi ni sensa ya joto la injini. Ikiharibika kwa namna ya kuidanganya kompyuta kwamba injini ina moto, hakuna petroli ya ziada itakayotolewa, na asubuhi utazungusha stata mpaka uchoke. Kwa kawaida ukinzani wa sensa hiyo unapungua inapopata joto. Ipime ikiwa baridi, itumbukize ncha yake kwenye maji ya moto, pima tena, linganisha na kitabu.

Hatua ya 4: Kuwasha asubuhi

Kabla ya kugusa funguo, zungusha resi hadi mwisho na uiachie. Lazima irudi yenyewe kwa mlio mkali. Maji yaliyoingia kwenye kebo yanaweza kuganda usiku, na resi iliyokwama ikiwa wazi barabarani ni hatari kubwa. Ikirudi kwa uvivu, usiondoke.

Halafu zilegeze sahani za klachi. Injini ikiwa imezimwa, weka gia ya pili, shika klachi mpaka mwisho, sukuma pikipiki mbele na nyuma mara kadhaa. Mwanzoni gurudumu litakuwa gumu kana kwamba hujashika klachi, kisha utasikia limeachia. Ukiruka hatua hii, unapoingiza gia ya kwanza pikipiki inaweza kuruka mbele au kuzima.

Rudisha gia huru. Sasa inategemea mfumo.

Kwa injekta, washa swichi, subiri mlio wa pampu ya petroli umalizike, sekunde mbili au tatu hivi, ndipo ubonyeze stata. Usiguse resi. Kompyuta inapima petroli kulingana na resi iliyofungwa, na ukiivuta unavuruga hesabu yake.

Kwa kabureta, vuta choki yote, na hapa ujue unayo ya aina gani. Choki ya kibamba kinachoziba mdomo wa kabureta inakubali resi kidogo sana. Choki ya bomba dogo la ziada la petroli, ambayo iko kwenye kabureta nyingi za pikipiki, inafanya kazi kwa mvutano wa hewa nyuma ya resi iliyofungwa. Ukivuta resi, mvutano unapotea na petroli ya ziada inakatika. Wengi wanaosema choki yao haifanyi kazi wanaiua wenyewe kwa mkono wa kulia. Acha resi, bonyeza stata.

Kwa kiki, kabla ya kuwasha swichi piga kiki tatu au nne za taratibu choki ikiwa imevutwa. Oili inalegea na petroli inavutwa ndani. Kisha washa swichi na upige moja ya nguvu.

Stata isizidi sekunde tano kwa mara moja. Pumzisha nusu dakika. Betri inajirudishia nguvu katika mapumziko hayo, na mota ya stata inapoa. Mikupuo mitano mifupi ina uwezekano mkubwa wa kuiwasha kuliko mmoja mrefu unaomaliza umeme wote.

Ukinusa petroli kali na injini haishiki, plagi imelowa. Rudisha choki, fungua resi yote, zungusha stata sekunde tano ili hewa ikaushe silinda. Injini nyingi za injekta zinakata petroli zenyewe ukifanya hivyo. Ikishindikana, vua plagi, ikaushe kabisa, zungusha injini bila plagi mara chache, funga upya. Waya wa plagi uweke mbali na tundu wakati huo, au zima moto wa plagi, maana kinachotoka hapo ni mvuke wa petroli.

Kusukuma ili iwake kunasaidia kabureta. Tumia gia ya pili au ya tatu, kwa sababu kwenye baridi gia ya kwanza hulifunga gurudumu likaburuta tu. Injini ya injekta yenye betri iliyokufa kabisa kwa kawaida haitawaka kwa kusukumwa, kwa kuwa pampu na kompyuta hazina umeme.

Hatua ya 5: Dakika kumi za kwanza

Ikishashika, ipe nusu dakika hadi dakika moja. Kwenye baridi ya chini ya sifuri, dakika mbili. Oili inatakiwa ifike juu na mlio utulie. Baada ya hapo ondoka.

Najua wapo wanaoiacha injini ikinguruma robo saa huku wakinywa chai, wakiamini wanaitunza. Injini isiyobeba mzigo inapata moto taratibu mno, na muda wote huo inalishwa petroli nyingi inayoosha kuta za silinda. Inapobebeshwa mzigo mdogo inafika kwenye joto lake mapema zaidi, na huo ndio unafuu wake. Kupiga resi papo kwa papo ili ipate moto haraka ni vibaya zaidi: pistoni inapata joto na kutanuka wakati silinda bado imebana.

Endesha kwa resi isiyozidi nusu, na mizunguko isiyozidi nusu ya kiwango cha juu. Rudisha choki kidogo kidogo kadiri injini inavyokubali. Ikianza kuvuta kwa uzito na kutoa moshi mweusi, umechelewa kuirudisha. Usidanganywe na geji ya joto la maji. Maji yanapata moto mapema, oili inachelewa nyuma yake kwa dakika nyingi. Mimi naipa kilomita 10 hadi 15 kabla sijaidai nguvu yote.

Kama una vipasha joto vya mikono na taa za ziada, viache vimezimwa mpaka uwe barabarani. Kwenye mizunguko ya chini, pikipiki ndogo haizalishi umeme wa kutosha kuvilisha vyote na kuichaji betri iliyotoka kuzungusha stata.

Injini ikizima njiani: barafu kwenye kabureta

Hali yenyewe inakuwa hivi. Unaendesha kwa spidi moja, hewa ina ukungu au unyevu, joto ni kati ya nyuzi 0 na 10 hivi. Baada ya kilomita kadhaa nguvu inapungua kana kwamba petroli inaisha. Mlio wa chini unashuka, injini inazima ukisimama. Unashuka, unachunguza, huoni kitu. Baada ya dakika tano inawaka kama kawaida.

Ushahidi umeshayeyuka. Petroli inapogeuka mvuke inanyonya joto, na hewa inaposhuka shinikizo kwenye koo la kabureta inapoa zaidi. Pamoja, joto la pale linaweza kushuka nyuzi 20 chini ya hewa ya nje. Unyevu unaganda kuzunguka resi na kwenye vitundu vya petroli. Injini ikisimama, joto lake linapanda hadi kwenye kabureta na barafu inayeyuka. Kwenye baridi kali sana, ya chini kabisa ya sifuri, tatizo linapungua, kwa sababu hewa hiyo imekauka.

Ikikutokea, simama pembeni mahali salama na subiri; kuzungusha stata kunamaliza betri bure. Kuzuia kuna njia chache. Kama pikipiki ilitoka kiwandani na kipasha joto cha kabureta, kihakiki, maana mara nyingi waya wake umekatika au mrija wa maji umefungwa na fundi aliyetangulia. Dawa ya petroli yenye pombe ya aizopropili inasaidia. Na usiendeshe mwendo mrefu kwa resi ndogo isiyobadilika. Badilisha gia, vuta na uachie, injini ibaki na joto.

Povu jeupe kwenye kizibo cha oili

Fungua kizibo cha oili baada ya wiki mbili za safari fupi kwenye baridi. Chini yake utakuta utando wa rangi ya maziwa yaliyochanganyika na chai, unateleza kati ya vidole kama losheni. Wengi wanashtuka wakidhani gasketi imeungua.

Kuchoma lita moja ya petroli kunazaa karibu lita moja ya maji. Sehemu kubwa inatoka kwenye ekzosi kama mvuke, lakini kiasi fulani kinapenya kwenye ringi na kutua kwenye vyuma vya baridi. Injini ikifika kwenye joto lake na kukaa hapo, maji hayo yanapaa na kutoka kwa mrija wa pumzi. Ikizimwa kila baada ya kilomita tatu, yanabaki, yanachanganyika na oili, na pamoja na petroli iliyoshuka yanatengeneza asidi inayokula beringi. Kwenye baridi kali povu hilo linaweza hata kuganda ndani ya mrija wa pumzi, na presha ikisukuma oili kupitia sili.

Kutofautisha ni rahisi. Utando ukiwa juu kwenye kizibo tu, na oili kwenye kijiti ni safi, huo ni unyevu. Oili yote ikiwa na rangi ya maziwa na maji ya rejeta yanapungua, tatizo ni gasketi au sili ya pampu ya maji, na usiwashe tena kabla ya kufungua.

Dawa ya unyevu ni mwendo. Angalau mara moja kwa wiki, endesha nusu saa au zaidi mfululizo, injini ikiwa na kazi ya kweli. Kama huwezi, badilisha oili mapema kuliko kitabu kinavyosema. Nusu ya muda wa kawaida si kupindukia kwa pikipiki ya safari fupi tu. Angalia pia kijiti: oili ikipanda juu ya alama bila wewe kuongeza, na inanuka petroli, imwage.

Injini za mipigo miwili, na maji ya rejeta

Mwenye injini ya mipigo miwili awe na subira zaidi. Aluminiamu ya pistoni inatanuka karibu maradufu ya chuma cha kawaida, na pistoni inapata joto mapema kuliko silinda. Ukiivuta kwa nguvu kabla silinda haijatanuka, pistoni inabana na kukwaruza pande zake. Injini inayopozwa kwa maji ndiyo yenye hatari kubwa zaidi, kwa sababu maji ya baridi yanaibana silinda. Iguse silinda au rejeta kwa mkono: vuguvugu la wazi ndilo ruhusa ya kuondoka.

Kwenye rejeta, maji matupu hayafai. Yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9 na kupasua bloku. Nusu maji yasiyo na madini (distilled) na nusu dawa ya glaikoli inakulinda hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Usiweke dawa tupu ukidhani unaongeza ulinzi. Ikiwa tupu inaganda mapema kuliko ikichanganywa. Kama geji ya joto haipandi kabisa ukiwa mwendoni, thamostati imekwama ikiwa wazi. Badilisha hiyo badala ya kuziba rejeta kwa kadibodi.

Kama hutaendesha msimu mzima

Badilisha oili kabla ya kuiweka, ili asidi ya oili ya zamani isikae ndani miezi kadhaa. Jaza tangi karibu lote pamoja na dawa ya kuhifadhi petroli, na uendeshe kidogo ili dawa ifike kwenye kabureta au injekta. Kama ni kabureta, funga koki ya petroli na umwage petroli ya bakuli la floti, maana ndiyo inayokauka na kuziba ile jeti ndogo. Betri ichomoe, au iache kwenye chaja ya kutunza inayojizima yenyewe.

Usiiwashe dakika tano kila wiki ili isikauke. Kila mara unapofanya hivyo unaingiza maji mapya kwenye oili na kwenye ekzosi bila joto la kuyatoa, na betri hairudishiwi ulichotumia kuwasha. Iache ilale. Siku ya kuiamsha, vua plagi, zungusha injini kwa kiki au stata mpaka oili ifike juu, rudisha plagi, fungua koki ya petroli, subiri bakuli lijae, ndipo uwashe.